Mipaka ya ajabu duniani: viraka vya nchi ndani ya nchi, na hati za kale zilizovizaa

Wakuu, salaam.

Katika nyuzi za maajabu ya dunia, picha za mji wa Baarle hurudi kila baada ya muda: misalaba myeupe imechorwa katikati ya barabara na sakafuni mwa migahawa, upande mmoja zikiwa herufi NL (Uholanzi) na upande wa pili herufi B (Ubelgiji). Maelezo kwa kawaida huishia hapo, pamoja na utani kwamba waliochora mpaka ule walikuwa wamelewa. Nimeona tulijadili jambo hili kwa kina kidogo, kwa sababu ninaamini kinyume chake. Mipaka inayoonekana ya kiwendawazimu kwenye ramani mara nyingi ndiyo iliyochorwa kwa uangalifu mkubwa kuliko mingine, na waliochora walikuwa wakifuata hati za zamani zilizosema shamba hili ni la nani na kodi yake inalipwa kwa bwana gani. Hati hizo ni za kale kuliko mataifa yenyewe.

Tuanze na Baarle. Mji huu uko kusini mwa Uholanzi, kilomita chache tu kutoka Ubelgiji. Mgeni anayetembea anaona mji mmoja mdogo wenye maduka, makanisa na baiskeli, lakini kiserikali ni miji miwili: Baarle-Nassau ya Uholanzi na Baarle-Hertog ya Ubelgiji. Baarle-Hertog ina viraka 22 vilivyotawanyika ndani ya ardhi ya Uholanzi, na ndani ya viraka hivyo vya Ubelgiji kuna viraka vingine 7 vya Uholanzi, na cha 8 kimekaa peke yake ndani ya Ubelgiji. Kuna mameya wawili na vikosi viwili vya polisi, na kila nyumba ina kibao cha namba chenye bendera ya nchi yake ili mpeleka barua asibabaike.

Chimbuko la hali hii ni mapatano ya mwaka 1198 kati ya Hendrik wa Kwanza, mtawala wa Brabant, na Godfried wa Schoten, bwana wa Breda. Hendrik alijibakizia mashamba yaliyokuwa tayari na wakulima wanaomlipa, na Godfried akapata maeneo mengine, hasa yale yaliyokuwa bado pori. Wakati huo hakuna aliyekuwa akichora mpaka wa nchi. Wakubwa wawili walikuwa wakigawana mapato, na mgawanyo wa mapato hufuata mashamba yenyewe yalipo, hata kama yametapakaa ovyo. Baadaye Breda ikaingia mikononi mwa ukoo wa Nassau, ndipo majina mawili ya mji yalipopatikana: Nassau kwa ukoo huo, na Hertog, yaani mtawala, kwa yule wa Brabant. Vita vya Uholanzi dhidi ya mfalme wa Hispania vilipokwisha mwaka 1648, ardhi ya Nassau ilifuata Uholanzi na ile ya mtawala wa Brabant ikabaki upande wa kusini, upande ambao leo ni Ubelgiji.

Mtu angetarajia kwamba karne ya 19, karne ya wapimaji na ramani, ingeyanyoosha mambo. Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi baada ya mapinduzi ya mwaka 1830, tume ya pamoja ilianza kusimika nguzo za mpaka moja baada ya nyingine hadi ilipofika nguzo ya 214. Hapo ikakwama, ikaruka, na kuendelea na nguzo ya 215 upande wa pili wa Baarle. Pengo lililobaki lilijazwa kwa orodha badala ya mstari: katika mkataba wa mwaka 1843 viwanja 5,732 viliorodheshwa kimoja kimoja, kila kimoja kikiandikwa ni cha nchi gani. Binafsi naiona orodha hiyo kuwa moja ya kazi za heshima kubwa katika historia ya mipaka, kwa sababu waliokuwa na mamlaka ya kufuta haki za wakulima kwa rula walichagua kuziandika.

Orodha hiyo nayo ilizua kesi. Viwanja viwili, namba 91 na 92, vilionekana katika nakala moja ya kumbukumbu kuwa vya Uholanzi na katika nyingine kuwa vya Ubelgiji, na shauri likafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague. Uholanzi ilidai kwamba imeviendesha kwa miaka mingi bila kupingwa. Mwezi Juni 1959, kwa kura 10 dhidi ya 4, majaji walisema kwamba shughuli za kawaida za utawala wa mtaa hazitoshi kuubatilisha mkataba, na Ubelgiji ikapewa viwanja vyake. Upimaji wa mji mzima haukukamilika hadi mwaka 1995.

Maisha ya kila siku yanaongozwa na kanuni rahisi: nyumba ni ya nchi ambako mlango wake mkuu unafungukia. Kodi, kibali cha ujenzi na mambo mengine mengi hufuata mlango, na husimuliwa habari za watu waliouhamisha mlango hatua chache ili wapate sheria iliyo nafuu. Ipo nyumba ambayo mpaka unapita katikati ya mlango wenyewe, nayo ina namba mbili, moja ya kila nchi. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, nchi hizi mbili zilipotoa masharti tofauti, duka moja la nguo lililokatwa na mpaka lilifunga upande wake wa Ubelgiji huku wateja wakiendelea kununua upande wa Uholanzi.

Hata hivyo, kisa ninachokipenda zaidi ni cha Vita Kuu ya Kwanza. Ujerumani iliivamia Ubelgiji mwaka 1914 na kuikalia karibu yote, lakini Uholanzi haikuwa vitani. Ili kufika Baarle-Hertog, askari wa Kijerumani wangelazimika kukanyaga ardhi ya Uholanzi na kuiingiza vitani nchi ambayo hawakutaka kupigana nayo. Matokeo yake viraka vile vilibaki Ubelgiji huru muda wote wa vita, na mwaka 1915 Wabelgiji wakasimika humo mitambo ya redio ya kunasa mawasiliano ya adui. Uholanzi, ikiogopa kuonekana inapendelea upande mmoja, ililizungushia eneo lile uzio, ila mitambo haikuondolewa. Hati ya mwaka 1198 ililinda mji ambao hakuna jeshi lingeweza kuulinda. Mwaka 1940 kinga hiyo haikufaa kitu, kwa kuwa safari hiyo Ujerumani ilizivamia nchi zote mbili.

Sasa nihamie mahali ambapo viraka vya aina hiyo viliwatesa watu badala ya kuwalinda, kwani ni kosa kuyafanya haya yote kuwa burudani.

Kati ya India na Bangladesh, hadi mwaka 2015, kulikuwa na viraka 111 vya India ndani ya Bangladesh na 51 vya Bangladesh ndani ya India, vingi vikiwa katika eneo la Cooch Behar. Wenyeji waliviita chitmahal. Hadithi inayopendwa husema kwamba mfalme wa Cooch Behar na mtawala wa Rangpur walikuwa wakicheza kamari na kuweka vijiji kama dau. Ni hadithi tamu, lakini kilicho karibu zaidi na kumbukumbu ni kwamba vita kati ya dola ya Mughal na ufalme wa Cooch Behar vilimalizwa kwa mapatano ya mwaka 1713, huku kila upande ukibaki na mashamba ambayo watu wake walikuwa wameyashika na kuendelea kukusanya kodi humo. Kama ilivyokuwa Baarle, ramani ilifuata kodi. Chini ya Waingereza jambo hili halikumsumbua mtu, kwani pande zote mbili zilikuwa chini ya dola moja. Mwaka 1947 Bara Hindi likagawanywa, miaka miwili baadaye Cooch Behar ikajiunga na India, na ghafla shamba la jirani likawa nchi ya kigeni.

Kiraka kilichoitwa Dahala Khagrabari ndicho kilichowashangaza wachora ramani kuliko vyote. Kilikuwa shamba la juti lisilofika hekta moja. Lilikuwa la India, limezungukwa na kijiji cha Bangladesh, nacho kijiji kimezungukwa na kiraka cha India, na kiraka hicho kimezungukwa na Bangladesh. Hapakuwa na mahali pengine duniani penye tabaka zote hizo.

Lakini fikirini hali ya watu zaidi ya 50,000 waliohesabiwa katika viraka hivyo mwaka 2011. Serikali iliyowamiliki haikuweza kuwafikia, na serikali iliyoweza kuwafikia haikuwa yao. Hapakuwa na shule ya serikali, zahanati, umeme wala polisi wa kupokea malalamiko. Ili mtu apate pasipoti au viza ya kupita kihalali, alipaswa kufika katika ofisi za nchi yake, na ili afike huko ilimbidi apite nchi ya watu bila viza. Wazazi walitumia anwani za ndugu na marafiki waliokuwa nje ya kiraka ili watoto waandikishwe shule.

Viongozi walilijua tatizo. Mwaka 1958 mawaziri wakuu wa India na Pakistan (Bangladesh ya leo wakati huo ilikuwa sehemu ya Pakistan) walikubaliana jambo, mwaka 1974 Indira Gandhi na Sheikh Mujibur Rahman wakasaini mkataba kamili wa kubadilishana viraka, na bado utekelezaji ukasubiri zaidi ya miaka 40, kwa sababu India ilihitaji kuibadilisha katiba yake ili iachie ardhi. Mabadiliko hayo, ya 100 katika historia ya katiba hiyo, yalipita mwaka 2015. Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 1 Agosti mwaka huo viraka vikabadilishwa, na wakazi wakawasha mishumaa 68, mmoja kwa kila mwaka tangu 1947. Kila mtu aliruhusiwa kuchagua uraia. Waliochagua kuhama kutoka Bangladesh kwenda India hawakufika 1,000. Wengine wote walibaki walipokuwa na makaburi ya wazee wao, na bendera ndiyo iliyowahamia.

Kwa wale ndugu zetu walioko Oman na Ghuba, mfano wa karibu upo umbali wa mwendo wa gari. Madha ni wilaya ya Oman yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 75, iliyozungukwa pande zote na Falme za Kiarabu. Ndani ya Madha kuna kijiji cha Nahwa, ambacho ni cha Sharjah, yaani Falme za Kiarabu. Dereva anayetoka Khor Fakkan akielekea Nahwa anaingia Oman na kutoka tena bila kusimamishwa na askari yeyote. Anachokiona ni mabango na bendera tu zikibadilika. Simulizi ya wenyeji ni kwamba wazee wa Madha, walipotakiwa kusema wako chini ya nani, walimchagua Sultani wa Muscat kwa kuamini kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuwalindia maji yao, ilhali wazee wa Nahwa walishikamana na ukoo wa Al Qasimi, watawala wa Sharjah. Mpaka ulithibitishwa mwaka 1969. Tazameni kwamba hapa mtawala hakugawa watu, bali watu ndio waliotaja mtawala wao, na ramani ikapokea jibu kama lilivyo.

Oman yenyewe iliwahi kuwa na kipande cha mbali zaidi. Bandari ya Gwadar, ambayo leo ni ya Pakistan, ilikuwa mali ya Sultani wa Muscat hadi mwaka 1958, ilipouzwa kwa Pakistan kwa pauni milioni 3. Ilitokana na hifadhi aliyopewa Sultan bin Ahmad na Khan wa Kalat mwaka 1783, alipokuwa amekimbia ugomvi wa kifamilia nyumbani. Huyu ndiye baba yake Seyyid Said, yule aliyehamishia makao yake Zanzibar.

Nyongeza: kuhusu Kilimanjaro

Ndugu mmoja ameuliza kwa nini nimekwenda Ulaya na Bengal wakati tunao mpaka wetu wa ajabu, ule unaokwenda sawasawa kutoka Ziwa Victoria kisha unapinda kuuacha mlima Kilimanjaro upande wa Tanzania. Ametaja pia ile simulizi ya shuleni kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili, mlima huo siku ya kuzaliwa kwake.

Simulizi hiyo inaangushwa na tarehe. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani yaliyouweka mpaka ule ni ya mwishoni mwa mwaka 1886. Wilhelm wa Pili alipata ufalme mwezi Juni 1888. Wakati mpaka unachorwa, aliyekuwa Kaiser ni babu yake wa upande wa baba. Kilichoupindisha mstari ni makaratasi ya aina ile ile tuliyokwisha kuyaona. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alikuwa amepata hati ya ardhi Taveta, na mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke, kwa niaba ya kampuni ya Carl Peters, akapata saini ya Mangi Rindi wa Moshi, mtawala ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amempokea Johnston huyo huyo. Makubaliano ya 1886 yakasema mpaka upite katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, uzunguke mlima kwa upande wa kaskazini, kisha uende moja kwa moja hadi Ziwa Victoria mahali linapokutana na digrii 1 kusini mwa ikweta.

Basi nauliza: katika mpaka huo, sehemu ya ajabu ni ipi? Tumezoea kushangaa pale ulipopinda, na pale ulipopinda ndipo angalau watu wa Taveta na Uchagani walikumbukwa, ingawa kwa hati ambazo sina hakika kama waliotia saini walielezwa yote yaliyomo. Sehemu iliyonyooka ilikatiza nchi ya Wamasai bila kuuliza ng'ombe wanakunywa maji wapi, na hiyo hatuishangai kwa sababu kwenye ramani inapendeza macho.

Makubaliano hayo hayo ya 1886 yalimtambulia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Sehemu iliyoangukia upande wa Wajerumani ilinunuliwa mwaka 1890 kwa marki milioni 4. Sehemu ya Kenya haikuuzwa. Waingereza waliikodi, nayo tangu mwaka 1895 ikaendeshwa na serikali yao huku ikibaki kisheria kuwa ya Sultani, na ndiyo sababu bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi mwaka 1963. Mtu aliyesafiri kwa treni kutoka Mombasa kwenda Nairobi mwaka 1950 alitoka katika milki ya Sultani na kuingia koloni la Uingereza, pengine bila kujua. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda huo uingie Kenya, kwa ahadi kwamba mahakama za Kadhi zitadumu. Ahadi hiyo imo katika katiba ya Kenya mpaka leo.

Nyongeza ya pili: ardhi isiyo na mwenyewe

Mwingine ametaka kujua kama kuna nchi zinazopokezana ardhi, na kama kuna ardhi inayokataliwa na kila mtu. Vyote vipo.

Cha kwanza ni Kisiwa cha Faisans, katika mto Bidasoa kati ya Irun ya Hispania na Hendaye ya Ufaransa. Ni kisiwa chenye urefu wa mita 200 hivi, hakina mkazi, na kina mnara wa ukumbusho tu. Hapo ndipo Mkataba wa Pirenei, uliomaliza vita kati ya Ufaransa na Hispania, ulipotiwa saini mwaka 1659, na mwaka uliofuata Louis wa Kumi na Nne akampokea bibi harusi wake wa Kihispania. Kuanzia tarehe 1 Februari hadi 31 Julai kisiwa ni cha Hispania, na miezi 6 iliyobaki ni cha Ufaransa. Mkataba huo huo uliipa Ufaransa vijiji 33 vya milimani, lakini Llívia ilikuwa na hadhi ya mji, hivyo haikuhesabiwa miongoni mwa vijiji, na hadi leo ni Hispania iliyozungukwa na Ufaransa.

Cha pili ni Bir Tawil, jangwa la kilomita za mraba zipatazo 2,060 kati ya Misri na Sudan. Mwaka 1899 Waingereza walisema mpaka ni latitudo ya 22, mstari ulionyooka. Mwaka 1902 wakachora mpaka wa kiutawala uliofuata malisho: Bir Tawil, iliyotumiwa na Waababda wenye uhusiano na Aswan, ikawekwa chini ya Misri, na pembetatu ya Hala'ib, iliyo kubwa mara 10 hivi na yenye pwani ya Bahari ya Shamu, ikawekwa chini ya Khartoum. Leo Misri inashikilia mstari wa 1899 kwa sababu unaipa Hala'ib, na Sudan inashikilia mpaka wa 1902 kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hati zote mbili, kila nchi inamwachia mwenzake Bir Tawil.

Watu binafsi kutoka mabara mengine wamekwenda kusimika bendera na kujitangaza wafalme. Mmarekani mmoja alifanya hivyo mwaka 2014 ili mtoto wake wa kike aitwe binti mfalme. Hakuna serikali iliyowatambua. Misri nayo haiwezi kuweka pale hata kituo kimoja cha polisi na kukiita chake, kwa kuwa siku itakapofanya hivyo itakuwa imeikubali hati ya 1902, na mawakili wa Sudan hawatahitaji ushahidi mwingine wa kuidai Hala'ib.